Utangulizi: Chakula Kikavu cha Bei Nafuu na Ushahidi wa Mwenye Mbwa

Mbwa walio wengi wa Afrika Mashariki hula kutoka jikoni. Hupikiwa ugali wa dona au wa pumba, ukachanganywa na dagaa, mapupu, vichwa na miguu ya kuku, au hupewa makombo na ukoko wa wali. Lakini mijini, kiroba cha punje kavu kimepata nafasi katika maduka ya pembejeo na dawa za mifugo, kando ya chakula cha kuku na dawa ya kupe. Viko viroba vya bei ya juu vinavyoagizwa kutoka nje, na viko vya bei ya chini, vingine vikitengenezwa hapa hapa. Mwenye mbwa anayesimama mbele ya rafu hiyo huwa na swali moja: hiki cha bei nafuu kitamfaa mbwa wangu?

Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya swali hilo, na utangulizi huu unamkaribisha kila anayeliuliza: mwanafunzi wa udaktari wa mifugo wa Morogoro, Kabete au Makerere, mwuza duka anayepima punje kwa kilo, mlinzi aliyekabidhiwa mbwa wa kazini, na familia yenye mbwa mmoja wa kienyeji anayelala chini ya mwembe. Pwani nako, ambako mbwa haingizwi ndani kwa ajili ya twahara, bado ndiye mlinzi wa mashamba na maghala, na hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu inajulikana hata na watoto wa madrasa. Kumlisha vizuri mnyama anayekutegemea si anasa ya matajiri.

Nina imani mbili zilizoniongoza katika kazi hii, na ni haki msomaji azijue mapema. Ya kwanza ni kwamba chakula cha bei nafuu ndicho kinachostahili kuchunguzwa kwanza na kwa makini zaidi. Kwanza, ndicho kilicho ndani ya uwezo wa wengi. Pili, chakula ghali kwa kawaida hutengenezwa juu kidogo ya mahitaji ya mwili, kwa hiyo kiungo kimoja kikipungua mbwa hatatambua. Cha bei nafuu hutengenezwa karibu kabisa na kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Mahindi ya msimu mmoja yakiwa duni, au mchanganyaji akikosea kipimo cha madini, hakuna akiba ya kufidia, na anayepungukiwa ni mbwa.

Imani ya pili ni kwamba shahidi wa kwanza wa chakula chochote ni mwenye mbwa. Maabara hupima protini na mafuta. Daktari humwona mnyama kwa nusu saa, tena akiwa ameshaugua. Mwenye mbwa ndiye anayeona bakuli likiisha au likibaki, ndiye anayezoa kinyesi asubuhi, ndiye anayempapasa mgongoni na kuhisi manyoya yamekuwa makavu. Wasomi wengi wameudharau ushahidi huu kwa kuwa ni wa maneno tu. Mimi naona ni mali kubwa iliyokosa kupangwa.

Sikiliza wenye mbwa waliojaribu chakula kimoja cha bei ya chini, na utasikia maneno yale yale yakijirudia. Mmoja anasema mbwa wake anakila kwa pupa hadi analamba bakuli. Mwingine anasema wake alikinusa, akageuka, akaenda kulala. Wa tatu analalamika kwamba siku ya pili tu mnyama aliharisha. Wa nne anaona manyoya yameanza kung'aa, wa tano anashangaa wingi wa kinyesi, wa sita anasema mbwa hajaacha kujikuna, na wa saba anafurahi kwamba amenenepa. Wote hudhani wanajibu swali moja, yaani kama chakula ni kizuri au kibaya. Kumbe kila mmoja anazungumzia jambo lake, na kazi ya kwanza ya taaluma hii ni kuyatenganisha.

Tuanze na pupa. Punje inapotoka mashineni haina ladha kubwa. Mtengenezaji huipulizia mafuta ya wanyama, na mara nyingi maini au matumbo yaliyolainishwa kwa vimeng'enya mpaka yakawa majimaji yenye harufu kali. Ladha iko kwenye ngozi ya punje. Kwa hiyo mbwa anayekula kwa pupa anatoa ushahidi kuhusu kile kilichopuliziwa nje, wala hasemi lolote kuhusu kilichomo ndani. Naye anayekataa huenda ni mnyama aliyekula ugali wa moto na dagaa kwa miaka, akakutana ghafla na kitu kikavu, baridi, kinachokatika kwa kelele. Mloweshee punje hizo kwa maji ya vuguvugu siku chache kabla ya kuhukumu.

Kuharisha kwa siku ya pili ndiko kunakoeleweka vibaya zaidi. Utumbo una jamii kubwa ya vijidudu vilivyozoea chakula cha jana. Ukikibadilisha chote kwa siku moja, vijidudu hivyo navyo vinayumba, hata kama chakula kipya ni bora kuliko cha zamani. Ndiyo maana madaktari hushauri mabadiliko ya polepole, ya siku 7 hadi 10: robo ya kipya kwanza, kisha nusu, kisha robo tatu. Mwenye mbwa aliyeruka hatua hii amejaribu mshtuko wa tumbo, hajajaribu chakula.

Wingi wa kinyesi, kwa upande mwingine, ni ushahidi wa thamani kubwa, na ningependa msomaji atulie nao. Chukua mbwa anayekula gramu 400 za punje kwa siku. Punje kavu huwa na unyevu wa kama asilimia 10, kwa hiyo kitu kikavu hasa ni gramu 360. Mwili ukiweza kumeng'enya asilimia 85 yake, kinachotoka ni gramu 54, ukiacha maji. Ukiweza kumeng'enya asilimia 70 tu, zinatoka gramu 108, mara mbili kamili. Tofauti ya asilimia 15 ambayo haiandikwi popote kwenye mfuko inaonekana wazi uani. Anayezoa kinyesi ameshapima umeng'enyekaji bila kujua.

Na lebo haitamsaidia hapo. Mwaka 1986, Huber na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa vyakula vikavu vya mbwa ambavyo lebo zake zilitoa dhamana ile ile ya protini, mafuta na nyuzinyuzi. Walipowalisha mbwa na kupima, umeng'enyekaji haukuwa sawa. Sababu si fumbo. Protini ya kwenye lebo kwa kawaida haipimwi moja kwa moja: hupimwa naitrojeni, kisha ikazidishwa kwa 6.25. Nyama ina naitrojeni, na manyoya ya kuku yaliyosagwa yana naitrojeni pia. Mwaka 2007 dunia iliona ubaya wa kipimo hicho ukitumiwa kwa ulaghai: gluteni ya ngano iliyotoka China ilitiwa melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni tele, ili ionekane ina protini nyingi. Melamini hiyo ilipokutana na asidi ya sayanuriki iliyokuwamo pamoja nayo ilitengeneza fuwele kwenye figo za mbwa na paka, na mamilioni ya makopo na pakiti yakaondolewa sokoni Amerika Kaskazini. Wa kwanza kujua kwamba kuna jambo walikuwa wenye wanyama, walioona mnyama anakunywa maji kupita kiasi na kukataa chakula kile kile alichokipenda wiki iliyopita.

Kama ningetakiwa kuchagua kisa kimoja tu cha kumfundishia mwanafunzi anayeanza, ningechagua kingine, kisicho na ulaghai wowote. Kati ya 1981 na 1982, madaktari wa ngozi ya wanyama nchini Marekani walipokea mbwa 13 wenye ugonjwa uliofanana. Ngozi ya pua na mdomo, ya kuzunguka macho, ya viwiko na ya nyayo ilikuwa imekakamaa na kufanya magamba mazito yenye nyufa. Baadhi yao walikuwa na homa na tezi zilizovimba. Kilichowaunganisha kilikuwa kwenye bakuli: wote walikula chakula kikavu kisicho na jina la biashara, cha bei ya chini kabisa. Wakabadilishiwa chakula, wakapewa kilichofikia viwango vya lishe, na ngozi ikapona haraka. Taarifa ya mbwa hao ilichapishwa mwaka 1988.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya madini ya zinki, ambayo ngozi huyahitaji kila siku. Nafaka na pumba zina fitati, kitu kinachoyashika madini hayo na kuyazuia yasifyonzwe tumboni. Unga wa mifupa, ambao ni njia rahisi ya kuongeza kalsiamu, huyazuia zaidi. Ukiwa na chakula chenye nafaka nyingi, mifupa mingi na mafuta machache, zinki inaweza kuwemo kwenye punje na bado isimfikie mbwa. Ona mafunzo yaliyomo: kipimo cha maabara kingesema zinki ipo, mwenye mbwa alisema ngozi inapasuka, na mwenye mbwa ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli. Msomaji wa kwetu asiishie hapo. Mbwa anayekula ugali wa pumba na mifupa mitupu mwaka mzima yumo katika hesabu hiyo hiyo, ingawa hajawahi kuona kiroba cha dukani.

Lakini si kila kujikuna ni kwa chakula. Katika nchi zetu, viroboto, kupe na utitiri hutangulia, na daktari anayeruka hatua ya kuwatafuta hao anampotezea mteja fedha. Mzio wa chakula upo, na mara nyingi husababishwa na protini za kawaida kama nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku au ngano, ila kuuthibitisha kunadai kama wiki nane za mlo mmoja maalumu bila kuongezewa hata kipande cha chapati.

Unafuu wa bei unatoka wapi? Historia inajibu vizuri. James Spratt, Mmarekani aliyehamia London, alianza kuuza biskuti za mbwa katika miaka ya 1860. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipowaona mbwa wakila biskuti kavu za mabaharia bandarini. Kijana aliyemfanyia kazi, Charles Cruft, baadaye alianzisha maonyesho ya mbwa yanayobeba jina lake hadi leo. Katika Vita Kuu ya Pili, chuma cha makopo kilipohitajika vitani, chakula kikavu kilipata nguvu nchini Marekani. Mwaka 1957 kampuni ya Purina ikatoa sokoni punje iliyotengenezwa kwa mashine iliyozoeleka kwenye nafaka za kifungua kinywa: unga hupikwa kwa mvuke, husukumwa kwa mgandamizo kupitia tundu dogo, na unapotoka kwenye hewa huvimba na kukatwa. Tangu hapo chakula kikavu cha mbwa kimekuwa mtoto wa vinu vya nafaka na machinjio. Mahindi, pumba za ngano na mashudu hutoka upande mmoja. Maini, mapupu, bandama, mifupa na mafuta ambayo binadamu wa mjini hawataki hutoka upande wa pili.

Siwezi kuwalaumu watengenezaji kwa hilo. Utumbo wa mnyama aliyechinjwa ni chakula chenye virutubisho, nasi tunaokula supu ya utumbo tunajua. Wala wanga si sumu kwa mbwa, kama inavyovumishwa. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa mwitu wa kijivu wana nakala mbili za jeni AMY2B, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, ilhali mbwa wa nyumbani wana kati ya 4 na 30. Kwa maelfu ya miaka mbwa amekula na wakulima, na mwili wake umejifunza. Ugali ulioiva vizuri ni nishati halali kwa mbwa. Kinachokosekana ni ushirika wake: protini ya kutosha, mafuta, kalsiamu, zinki, vitamini. Jumuiya ya AAFCO ya Marekani, ambayo viwango vyake hutajwa kwenye mifuko mingi, inataka mbwa mzima apate angalau asilimia 18 ya protini na 5.5 ya mafuta, na mtoto anayekua apate 22.5 na 8.5, vyote vikihesabiwa baada ya kutoa unyevu.

Sasa bei yenyewe. Watu hulinganisha viroba kwa kilo, na hapo ndipo wengi huibiwa na hesabu yao wenyewe. Mbwa hali kilo, anakula nishati. Tuchukulie vyakula viwili. Cha kwanza kina protini asilimia 21, mafuta 8, nyuzinyuzi 5, majivu 8 na unyevu 10. Kilichobaki, asilimia 48, ni wanga. Kwa hesabu inayotumika sana, gramu ya protini au ya wanga inahesabiwa kilokalori 3.5 na ya mafuta 8.5. Kilo moja ya chakula hiki basi inatoa kama kilokalori 3,095. Cha pili kina protini 26, mafuta 15, nyuzinyuzi 3, majivu 7 na unyevu 10, wanga ukibaki 39; kilo yake inatoa 3,550. Mbwa aliyehasiwa mwenye kilo 25 anahitaji kama kilokalori 1,250 kwa siku. Atakula gramu 404 za cha kwanza au gramu 352 za cha pili. Cha kwanza kikiuzwa shilingi 4,000 kwa kilo na cha pili 4,500, mlo wa siku utagharimu shilingi 1,616 kwa kile cha bei nafuu na 1,584 kwa kile ghali.

Hesabu hii haisemi kwamba chakula ghali hushinda daima. Tofauti ya bei ikiwa kubwa zaidi, cha kwanza kitashinda, na mara nyingi hushinda. Ninachotaka ni kwamba mwenye mbwa afike dukani na kalamu. Mwuza duka mwema atamsaidia kuisoma lebo, na mwuza duka wa aina hiyo ni mwalimu mkubwa wa taaluma hii kuliko wengi wetu tulio vyuoni.

Kuhusu duka, lazima niseme jambo kwa ukali kidogo. Punje za kupima, zinazouzwa kutoka gunia lililo wazi, ni msaada kwa asiyeweza kununua kilo 15 kwa mkupuo. Lakini mafuta yaliyopuliziwa juu ya punje yanapokaa kwenye hewa, joto na mwanga, huchacha, na vitamini A na E huharibika nayo. Panya, mende na unyevu wa masika hufanya mengine. Atakayejaribu chakula hicho na kuona mbwa anakikataa atakilaumu kiwanda, kumbe aliyekiharibu ni gunia lililokaa wazi mlangoni. Kanuni ninayoishika ni hii: nunua mfuko utakaokwisha ndani ya wiki sita baada ya kufunguliwa, uache kwenye mfuko wake wa asili ili tarehe na namba ya toleo zisipotee, kisha uutie kwenye ndoo yenye mfuniko.

Hatari kubwa kuliko mafuta kuchacha ni sumukuvu. Kuvu wa jamii ya Aspergillus huota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, na sumu yake haimalizwi na jiko wala na mashine ya kutengenezea punje. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kwa mbwa, historia ni ndefu zaidi: katika miaka ya 1950 kusini mashariki mwa Marekani mbwa walikufa kwa ugonjwa wa ini usioeleweka, ambao baadaye ulifahamika kuwa ulitokana na sumukuvu kwenye chakula. Desemba 2020 nchini humo humo chakula kikavu cha mbwa kiliondolewa sokoni kwa sababu ile ile, na kufikia Januari 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilikuwa imepokea taarifa za vifo vya wanyama wa nyumbani zaidi ya 110. Mbwa yumo hatarini kuliko sisi kwa sababu hula chakula kimoja siku zote. Madhara ya sumu kidogo ya kila siku hujilimbikiza kwenye ini. Akikataa chakula ghafla, akatapika, ufizi na weupe wa macho ukawa manjano, acha chakula hicho saa ile ile, hifadhi kilichobaki, mpeleke kwa daktari. Nayo desturi ya kutenga mahindi yenye kuvu ili yasagwe kwa ajili ya mbwa iachwe kabisa. Mahindi yasiyofaa ugali wa watu hayafai bakuli la mbwa.

Asije mtu akadhani basi usalama unanunuliwa kwa fedha nyingi. Julai 2018 FDA ilitangaza kwamba inachunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka. Wengi wao walikuwa wakila vyakula visivyo na nafaka, vyenye njegere, dengu au viazi kwa wingi, ambavyo vingi havikuwa vya bei rahisi. Taarifa zilitoka kwa wenye mbwa na madaktari wao. Desemba 2022 mamlaka hiyo ilieleza kwamba taarifa peke yake hazitoshi kuthibitisha kuwa chakula ndicho chanzo, na utafiti ukaendelea mikononi mwa wanasayansi. Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha kwa usahihi kazi ya ushahidi wa mwenye mbwa na mpaka wake: uliweza kuibua swali ambalo maabara hazikuwa zimeliuliza, lakini kulijibu kulihitaji vipimo.

Yule anayefurahi kwamba mbwa amenenepa naye anahitaji jibu la upole. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliowafuatilia mbwa 48 aina ya Labrador kwa maisha yao yote. Walipangwa wawili wawili kutoka uzao mmoja, mmoja akipewa asilimia 25 pungufu ya chakula cha mwenzake. Nusu ya waliopunguziwa walivuka miaka 13.0; kwa wenzao kiwango hicho kilikuwa miaka 11.2. Chakula kilikuwa kile kile. Kilichotofautiana ni kiasi. Unene si dalili ya ubora wa punje. Mpapase mbwa ubavuni: mbavu zihisike kwa urahisi chini ya mafuta membamba, na kiuno kionekane ukimtazama kutoka juu. Chakula cha bei nafuu kilichopimwa vizuri humfaa mbwa kuliko cha bei ya juu kinachomwagwa bila kipimo.

Watoto wa mbwa wanastahili sura yao peke yao, nami nimewapa ndani ya kitabu. Hapa niseme tu kwamba mtoto wa mbwa mkubwa, kama German Shepherd, Boerboel au Rottweiler, ambao wanapendwa sana kwa ulinzi, hujeruhiwa na upungufu wa kalsiamu na vilevile na ziada yake. Nyama tupu na ugali humletea mifupa laini na miguu iliyopinda. Kumwongezea unga wa mifupa juu ya punje zilizokamilika nako huivuruga mifupa hiyo hiyo. Kwa umri huo sishauri majaribio ya chakula kisichoandikwa wazi kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya ukuaji.

Sura zinazofuata zinaanza na mahitaji ya mwili, zinapita kwenye malighafi zetu, yaani mahindi, mtama, muhogo, mashudu ya alizeti, soya, dagaa wa Ziwa Victoria na mabaki ya machinjio, kisha zinaingia kiwandani, dukani na hatimaye nyumbani. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti asihangaike mbali. Apime umeng'enyekaji wa punje zinazouzwa mtaani kwake. Apime zinki na fitati katika ugali wa mbwa wa walinzi. Akusanye sampuli za magunia ya kupima wakati wa masika, azipeleke kupimwa sumukuvu. Kazi hizi hazidai mashine za ajabu, na matokeo yake yatatumika kesho yake.

Kwako ndugu mwenye mbwa, ombi langu ni daftari. Kabla ya kubadilisha chakula, mpime mbwa uzito: panda mzani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe uzito wako; akiwa mzito kubebwa, tumia mzani wa kliniki. Andika jina la chakula, namba ya toleo, tarehe ya kufungua mfuko na gramu unazompa. Usibadilishe chakula katika wiki ile ile unayompa dawa ya minyoo au kumwogesha kwa dawa ya viroboto, maana hutajua kipi kimefanya nini. Andika kinyesi kilivyo, kigumu au laini, kingi au kidogo. Tazama ngozi ya pua, ya viwiko na ya nyayo. Mpe chakula hicho angalau wiki sita hadi nane kabla ya kutoa hukumu juu ya manyoya, kwa kuwa manyoya huota polepole. Ila ukiona damu, kutapika kusikokoma, umanjano au kukataa maji, usingoje hata siku moja. Kisha lipeleke daftari hilo kwa daktari wako wa mifugo, na umpe nakala mwuza duka aliyekuuzia.